Jina Langu Mbele ya Bendera

Neno gumu kuliko yote kinywani mwangu ni jina langu. Maneno mengine naweza kuyakwepa. Nikiona "meza" inakuja na m yake imefunga njia, nasema "pale tunapokulia." Nikishindwa "kesho," naitaja siku yenyewe. Hapa Kalemie, upande wa Kongo wa ziwa Tanganyika, tuna bahati ya kuchanganya: Kifaransa kinaingia katikati ya Kiswahili, neno la Kiluba linafuata, na hakuna anayeshangaa. Tangu utotoni nilijifunza kurukia lugha ya pili pale ya kwanza inapokwama. Lakini jina halina neno la pembeni. Ukiulizwa jina, jibu ni lile lile moja, na aliyekuuliza anasubiri huku amekukazia macho.

Watu wameniuliza kama nimesahau jina langu. Wameniuliza hivyo shuleni, hospitalini, hata siku ya kuandikisha kadi ya uchaguzi, na kila mmoja alidhani yeye ndiye wa kwanza kupata mzaha huo.

Kwa hiyo, siku mchumba wangu aliporudi kutoka komine, ofisi ya serikali ya mtaa, akaniambia tumepewa siku ya ndoa ya serikali, kitu cha kwanza nilichomuuliza ni kama bibi arusi anatakiwa kutamka jina lake. Akasema ndiyo. Unashika bendera kwa mkono mmoja, unataja jina lako lote, kisha unasema unakubali kwa hiari yako. Zilibaki wiki tatu. Tangu saa ile sikutulia tena.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika sekretaria moja karibu na bandari, chumba kidogo chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na jenereta nje kwa sababu umeme wa mji hauaminiki. Watu wanakuja na mambo yao, nasi tunayapiga katika barua: maombi ya kazi, hati za kiwanja, malalamiko. Kazi hiyo niliipenda kwa sababu haihitaji mdomo. Mteja anasema, mimi naandika, na vidole vyangu havijawahi kukwama. Lakini wiki zile tatu nilikuwa napiga mistari miwili, nainuka, naenda mlangoni kutazama malori yanayoshuka bandarini, narudi, na nakuta nimesahau mteja alikuwa amefikia wapi. Bosi wangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba hapana.

Shida ya kigugumizi changu ni kwamba hakina utaratibu. Kingekuwa kinakuja kila mara, ningekizoea. Kinabadilika kufuata lugha, kufuata mtu, kufuata chumba. Baba yangu ni mtu wa reli, Muluba aliyeshuka ziwani akiwa kijana. Mama ni Mubembe wa kaskazini ya ziwa, kwa wavuvi. Wawili hao walikutana katika Kiswahili, nasi tukalelewa humo. Katika Kiswahili nakwama kidogo nikiwa na mama, nakwama sana nikiwa na baba, na sikwami kabisa nikiongea na kuku au na mtoto mchanga.

Kifaransa ndicho kilichonitesa. Shuleni mwalimu alituita mmoja mmoja mbele kwa maswali ya mdomo, na pale hapakuwa na ruhusa ya kuchanganya lugha. Jibu nilikuwa nalijua, nilikuwa naliona kama limeandikwa, lakini mdomo umefunga, shingo imekaza, jicho la kushoto linapepesa lenyewe. Mwalimu alingoja kidogo, kisha akaandika sifuri. Katika mitihani ya kuandika nilikuwa wa kwanza au wa pili, kwa hiyo akaamua kwamba naiba majibu, akanihamishia dawati la peke yangu karibu na ubao. Kule nikazidi kuwa wa kwanza.

Nyanya yangu mzaa mama alipokuja kukaa nasi, nilianza kujifunza Kibembe chake. Mwaka wa kwanza nilikiongea bila kukwama hata mara moja. Nilikuwa na maneno machache kama ya mtoto wa miaka miwili, na hakuna anayemtegemea mtoto wa miaka miwili aseme vizuri. Mama alifurahi, akadhani dawa imepatikana. Lakini kadiri nilivyozidi kukijua Kibembe, ndivyo kigugumizi kilivyonifuata humo, na mwaka wa pili nilikuwa nakwama kwa nyanya kama kwa watu wengine. Yeye hakushtuka. Aliendelea kuchambua ndagala zake, wale dagaa wa ziwani, mpaka neno lifike, kisha akajibu.

Nikiwa na miaka kumi na tisa, mdogo wake mama alinichukua Kigoma kununua vitenge. Huko watu wanasema "shikamoo," wanasema "samahani," wanavuta maneno kwa adabu ambayo sisi hatuna. Nikaanza kuwaiga kwa mchezo, na kumbe nikiwaiga sikwami. Siku mbili nzima niliongea mpaka taya zikaniuma. Niliuliza bei za vitu nisivyovitaka, nilisalimia wazee nisiowajua barabarani, nilimweleza mwanamke wa pembeni yangu namna ya kupika sombe, kisamvu chetu. Mama mdogo alikuwa ananitazama tu, nadhani aliogopa kuuharibu mchezo. Siku ya tatu mwenye duka mmoja aliniuliza jina langu. Nikakwama pale pale, na ile sauti ya kuazima haikurudi tena.

Kuimba ni habari nyingine. Katika kwaya hakuna hata alama ya kukwama. Nimeimba peke yangu mbele ya kanisa lililojaa, na kila herufi inayonifunga mtaani ilipita bila kugonga mahali. Ndiyo maana kuna watu waliosema kwamba najifanya. Baada ya ibada moja, mama mmoja wa kwaya alinishika mkono akanieleza kwa upole kwamba Mungu hapendi udanganyifu. Nilikuwa na jibu zuri sana kwake. Mpaka lifike, alikuwa ameshaondoka.

Mchumba wangu alikuja mara ya kwanza sekretaria kupigiwa barua ya kuomba mahali sokoni. Alikuwa mtu wa kwao mama, wa kaskazini, anayepanda na kushuka ziwani na mizigo ya samaki wakavu. Aliniuliza kama nimeacha nafasi ya muhuri. Nikaanza kujibu, nikakwama, naye akangoja. Hakunimalizia neno. Watu wengi wanakumalizia, na mara nyingi neno wanalokupa silo, nawe kwa uchovu unalikubali. Niliwahi kupelekwa na pikipiki hadi mtaa usio wetu kwa sababu dereva alinimalizia neno, nami nikaona ni rahisi zaidi kurudi kwa miguu kuliko kumsahihisha.

Baba alimkataa. Hakutaka mtu wa majini asiye na kazi ya kudumu, leo yuko Moba, kesho Kigoma. Kila jioni niliandaa maneno ya kumwambia, na kila jioni nilikwama mbele yake, naye akachukua kukwama kwangu kuwa ishara kwamba mimi mwenyewe sina hakika. Mwishowe nilimwandikia barua. Niliipiga kazini, kurasa nne, nikaiweka kando ya sahani yake na kukaa uani. Alisoma yote, miwani iko puani, na bukari, ugali wake, ikapoa. Kisha akaniita.

"Maneno yote haya yalikuwa wapi?" aliuliza.

Nilijishika kifua. Hakuuliza tena. Juma lililofuata alikubali kuwapokea wazee wa upande wa pili, na mambo ya mahari yakaenda vizuri.

Basi zilipobaki zile wiki tatu, nilijaribu kila njia niliyoijua. Asubuhi kabla ya kazi nilitembea kando ya ziwa nikisema kiapo peke yangu. Nikiwa peke yangu sikwami, kwa hiyo niliyasemea maji jina langu mara nyingi, nikaisemea mitumbwi iliyopinduliwa, lote, mwanzo hadi mwisho. Hilo halikunituliza. Asubuhi moja mwanamke aliyekuwa anasugua sufuria aliinua kichwa tu kunitazama, nami nikakwama katikati ya jina. Rafiki yangu wa kwaya alinishauri niimbe jibu. Siku mbili nzima nililifikiria hilo kwa dhati, nikatafuta hata tuni. Kisha nikaona nitakavyojulikana maisha yangu yote hapa mjini, yule aliyeimba komine, nikaacha.

Mchumba wangu ndiye aliyekuja na wazo la kusema pamoja. Aligundua kwamba kanisani, tukisali kwa sauti moja, siguswi. Tukajaribu nyumbani, yeye na mimi, jina langu na maneno ya kukubali, kwa Kifaransa kwa sababu kila mtu alituambia sherehe inafanywa kwa Kifaransa. Ilikwenda vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Tulirudia kila siku. Mama akatusikia kutoka jikoni, akaanza naye kukijua kiapo. Hata hivyo nilikuwa nakula nimesimama, na gauni alilonishonea jirani lilibidi kupunguzwa kiuno mara mbili.

Siku yenyewe tulikuwa watu wa tatu kwenye orodha. Ukumbi wa komine ulikuwa umejaa hadi ukutani, joto lilikuwa kali, na kila ndoa ilichukua muda wake wa hotuba na picha. Wenzangu walikuwa wameketi. Mimi nilikuwa natoka hadi barazani, narudi, natoka tena, mpaka shangazi akanishika gauni.

Ofisa alikuwa mwanaume wa makamo, mtaratibu, amevaa mshipi wa rangi za taifa. Zamu yetu ilipofika alitazama wazazi wetu, akasema kwamba leo anaona watu wazima wengi wasiosikia Kifaransa, basi sheria ataisoma kwa Kiswahili na majibu yatakuwa ya Kiswahili. Watu wakapiga makofi. Mazoezi yangu yote yakaanguka palepale. Mchumba wangu alimsogelea, akamwomba kwa sauti ndogo turuhusiwe kujibu kwa pamoja.

"Kila muntu anajibu na kinywa yake," alisema ofisa, bila ukali. "Sheria iko hivyo."

Mchumba wangu akajibu haraka haraka, kama mtu anayetaka kuniachia nafasi. Kisha bendera ikaletwa kwangu. Ofisa akanitaka nitaje jina langu na kusema kama nakubali, kwa sauti ya juu, ukumbi wote usikie.

Nilivuta pumzi, na njia ikafunga. Mtu asiyekwama anadhani tunatafuta neno. Neno liko pale. Ni kama kusukuma mlango ambao mtu wa upande wa pili anausukuma pia, na kadiri unavyoongeza nguvu naye anaongeza. Shingo ikakaza, jicho likaanza kupepesa. Mtu nyuma akacheka. Mwingine akanitajia jina langu kwa sauti, akidhani ananisaidia, na ofisa akainua mkono kumnyamazisha. Ukimya uliofuata ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Ofisa akarudia swali. Nikajaribu kuruka jina na kusema "ndiyo" peke yake, na n yenyewe ikakwama. Machozi yakanitoka kwa jinsi nilivyojikaza, na najua yalionekanaje.

Ofisa akafunga kitabu, akasema anasimamisha kidogo.

Kelele zikaanza. Baba akasimama kutaka kueleza, na ofisa akamwomba akae. Kwa namna alivyomtazama baba, nikaelewa mara moja anachofikiri: kwamba baba ndiye aliyenileta pale kwa nguvu. Akaniongoza hadi biro yake, chumba cha ofisi upande wa ndani, pamoja na mama mmoja anayefanya kazi humo, na mlango ukafungwa.

Akanipa kiti. Sikukaa. Akanieleza kwamba aliwahi kufungisha ndoa ya binti aliyenyamaza kama mimi. Yeye alidhani ni haya, akaandika kwamba amekubali. Baadaye binti yule alirudi komine peke yake, na mambo aliyomsimulia yanamnyima raha hata leo.

"Tangu pale, mwanamuke akinyamaza, nasimamisha," alisema. "Sasa niambie, Mama. Nani alikulazimisha?"

Nilifikiria jioni zote zile mbele ya baba, na kurasa nne, na bukari iliyopoa. Hasira ikanipanda ghafla.

"Hakuna muntu alinilazimisha," nilisema. "Baba alikataa. Mimi njo nilimulazimisha."

Maneno yalitoka mfululizo, yote, bila kugonga mahali. Hasira wakati mwingine inanifungulia na wakati mwingine inanifunga zaidi, na sina namna ya kuichagua. Yule mama wa biro alicheka mpaka akashika meza. Ofisa hakucheka. Aliniuliza kwa nini hapa ninasema na kule sikusema. Nikaanza kumweleza, na nikakwama kwenye neno la kwanza, yeye akiwa hatua moja tu mbele yangu. Alitazama shingo, alitazama jicho. Nikaona uso wake unabadilika. Alingoja mpaka nikamaliza kueleza, na ilichukua muda.

Kisha akasema kwamba, kwa kuwa ameelewa, anaweza kuniuliza tena nami nitikise kichwa tu, ataandika kwamba nimekubali. Alisema hivyo kwa wema. Ndiyo hasa nafasi niliyokuwa naiomba kwa wiki tatu, na ilipokuja mkononi sikuitaka. Sijui vizuri kwa nini. Nadhani nilikuwa nimechoka kukwepa, au nilikuwa bado na hasira. Nilimwambia nitasema. Akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu watu ni wengi. Nikamwambia kwamba itachelewa. Akasema watangoja.

Tuliporudi ukumbini, alisimama mbele ya watu kabla ya kufungua kitabu.

"Huyu mama iko na kigugumizi," alisema. "Tutamungoja. Muntu akicheka, anatoka inje."

Nikashika bendera. Kitambaa kilikuwa kimelowa jasho langu la mara ya kwanza. Sitasema kwamba ilikuwa rahisi zaidi. Jina la kwanza lilitoka vipande vitatu, na kati ya kipande na kipande mtu angeweza kuhesabu vigae vya sakafuni. La pili lilitoka zima, ghafla, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. La tatu ni la baba, na hilo lilinichukua muda mrefu kabisa. Mama anasema mtoto wa watu waliokuwa nyuma yetu alilia, akanyonyeshwa, akalala, nami bado nipo kwenye jina la baba. Anatia chumvi, lakini si sana. "Nakubali" ilitoka kama kikohozi. Hakuna aliyecheka. Mchumba wangu alikuwa anatazama sakafu.

Kusaini kulikuwa kitu chepesi. Nilichukua kalamu, nikaandika jina langu lote kwa mara moja.

Watu hunisubiri niseme kwamba siku ile nilifurahi. Nilisikia njaa. Nilikuwa na hasira bado, na nilikuwa nimechoka kama mtu aliyebeba magunia, na kwenye karamu nilikula sahani mbili nimekaa kitini, mpaka shangazi akaninong'oneza kwamba bibi arusi hali hivyo. Baba alikuja kukaa karibu nami, akaniambia kwamba jina lake halijawahi kusikilizwa na watu wengi kwa makini namna ile. Nilicheka, na yeye akacheka.

Mji haukusahau. Mpaka leo kuna wanaonijua kama yule aliyekataa mara ya kwanza, na bado kuna anayeniuliza kwa siri ofisa alinipa nini kule ndani. Hayo niliyazoea. Lililonikuta na kukaa ndani yangu lilikuja miezi kadhaa baadaye, mchana mmoja bandarini. Mume wangu alikuwa anasafiri, nami nilikuwa nimemsindikiza, tumekaa juu ya magunia yake tukingoja abiria waitwe. Tulikuwa tunaongea habari za siku ile, tunacheka habari ya mtoto aliyelala. Kisha akaniambia kitu ambacho sikumuuliza.

"Siku ile, kabla ofisa hajakupeleka," alisema, "nilifikiri umegeuka."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtu ambaye hajawahi kunimalizia neno, ambaye alijua kuliko wote kile kinachotokea shingoni mwangu, alisimama pale pembeni yangu na kusikia "hapana." Nilimuuliza, kwa shida, ni lini alijua kwamba sikugeuka. Alifikiri, kwa sababu ni mtu wa kweli. Akasema ni pale nilipochukua kalamu.

Wakaita abiria. Akabeba magunia yake, akapanda, akanipungia mkono kama kawaida. Nilirudi kazini kwa miguu, nikapitiliza mlango wa sekretaria, nikafika hadi daraja la mto Lukuga kabla sijagundua nimepita.

Sikumkasirikia, na bado simkasirikii. Angenificha, nisingejua. Ila tangu siku ile, kila ninapokwama nyumbani, hata kwa neno dogo la chumvi au sabuni, macho yangu yanakwenda usoni kwake kuona anasikia nini katika ule ukimya. Yeye anajua kwamba ninafanya hivyo. Juzi tu aliniomba niache kumtazama namna ile, kwa sababu nikimtazama hivyo anasahau alikuwa ananingoja niseme nini. Nilimwambia nitajaribu.